Sakafu ya Pil-lye na Dirisha Lisilofungwa

Katika soko letu la Taebaek, mji wa milimani, aliyetaka kujua chuma kimepata moto kiasi gani hakutafuta kipimo. Alimwita Pil-lye. Mama huyu alikaanga chapati za choroko mbele ya duka langu, na kabla ya kumimina uji wa kwanza alipitisha kiganja juu ya bamba lake la chuma, bila kuligusa, kisha akasema "bado" au "haya". Sikuwahi kumwona akiunguza chapati. Hata muuza tambi wa kona ya pili, mwanamume mwenye majivuno kama jogoo wa harusi, alikuwa akimwita aje apitishe mkono juu ya mafuta yake.

Mimi nauza vyombo vya mitumba: boila, majiko, majokofu, blanketi za umeme, vitu ambavyo wenyewe wamevichoka au wamekufa. Biashara hii inafundisha usimuulize mtu kwa nini anauza. Kwa nini ananunua, hilo lazima uulize, maana ndipo bei ilipo.

Boila ya nyumbani kwa Pil-lye, mashine ya kupasha maji yanayopita chini ya sakafu, niliiuza mimi. Watu wote huuliza inapasha sakafu upesi kiasi gani. Yeye aliuliza moshi wake unatokea wapi. Nikamwonyesha bomba la kupita ukutani. Akauliza, likiziba? Nikamwambia boila hujizima yenyewe. Akanitaka niape. Nikaapa. Akataka nipunguze bei kwa sababu nimeapa haraka mno.

Boila ile ina kibao chake cha ukutani, na kibao kina njia tatu za kuiamuru. Ya kwanza ni joto la chumba: kibao hunusa hewa, na boila huwaka mpaka hewa ifikie namba uliyoweka. Ya pili ni joto la maji: boila haijali hewa, inatazama tu maji yanayozunguka kwenye mabomba chini ya sakafu. Ya tatu imeandikwa "Nimetoka". Hiyo ni ya wanaosafiri; inawaka kidogo tu, mabomba yasigande. Siku nilipomfungia, nikiwa bado nakusanya spana zangu, Pil-lye alibonyeza "Nimetoka", na haikubadilishwa tena. Alilala humo na koti, na soksi juu ya soksi, na dirisha la chumba likiwa wazi upana wa kiganja. Theluji ikiingia, aliifagia asubuhi kama vumbi.

Wapita njia walisema ni ubahili. Mimi mabahili nawajua, ndio wateja wangu. Bahili hufunga dirisha.

Sababu niliijua, kama soko zima lilivyoijua, na kama soko zima sikuitaja mbele yake. Enzi za mgodi, nyumba zote hapa zilipashwa kwa makaa ya mviringo yenye matundu. Makaa yanawashwa kwenye jiko la nje ya chumba, moto unapita chini ya sakafu, na upande ulio karibu na jiko ndio wenye joto kuliko wote. Upande huo ni wa heshima: analazwa mzee, mgeni, au mgonjwa. Mume wa Pil-lye alikuwa zamu ya usiku mgodini. Binti yao wa kwanza, Geum-ok, alikuwa na mafua. Pil-lye akamlaza upande wa joto, akafungua tundu lote la hewa la jiko ili makaa yashike vizuri, akaziba dirisha kwa matambara. Chini ya karatasi ya sakafu, palepale alipomlaza mtoto, palikuwa na ufa ambao hakuna aliyeujua.

Sumu ya makaa haina rangi. Pil-lye aliamka kichwa kinapasuka, akajikokota mpaka uani na mtoto mikononi. Majirani walifanya tulichokuwa tukikifanya sote siku zile: walileta maji ya baridi ya figili zilizochachushwa kwa chumvi, wakammiminia mtoto mdomoni. Tuliamini yanaondoa sumu. Wakati wanabishana mtungi wa nani una maji makali zaidi, mtoto alikuwa ameshakwenda. Mle ndani, karatasi ya sakafu ilibaki na doa la kahawia, ukubwa wa mto wa mtoto.

Baadaye vumbi la mgodi likamla mume mapafu mpaka akafa. Binti wa pili, Geum-ran, alizaliwa baada ya msiba wa dada yake na akakulia kwenye chumba cha baridi. Alipopata akili alikwenda Seoul, akaolewa, akaishi ghorofani. Alikuja kwa sikukuu, akala akiwa amevaa koti, akaondoka kabla ya giza.

Mwaka ninaousimulia alikuja soko likiwa limechangamka, tumbo limetangulia, akakaa kwenye kibenchi cha wateja mbele ya bamba la mama yake. Mimi nilikuwa nasugua kutu ya jiko, masikio yakiwa kazini.

"Mama, nikijifungua nataka kuja kwako."

"Huko Seoul kuna nyumba za kutunzia waliojifungua," Pil-lye akasema, macho kwenye chapati. "Wanakukanda mpaka nyayo."

"Sitaki kukandwa na nisiyemjua."

"Nenda kwa mama mkwe wako basi. Sakafu yake unaweza kukaangia samaki."

"Yule kila nikikohoa anasema ni kwa sababu nililelewa kwenye jokofu."

Nilicheka. Pil-lye hakucheka. Aligeuza chapati ambayo haikuwa tayari kugeuzwa, ikameguka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

"Mama," Geum-ran akasema taratibu, "nilipovunja ungo nilijikunja jikoni nikikumbatia sufuria ya moto, nikanyamaza. Harusi ilipita, nikanyamaza. Hili nakuomba mara moja. Ukikataa, mjukuu wako utamwona kwenye picha."

Hakutishia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mwisho.

Kwetu mzazi, yule aliyetoka kujifungua, hukaa wiki tatu kwenye sakafu ya moto. Anatokwa na jasho, anakunywa supu ya mwani, na upepo usimguse, kwa maana baridi ikimwingia siku hizo mifupa itamsumbua mpaka uzeeni. Kwa hiyo Pil-lye alitakiwa apashe sakafu na afunge dirisha. Ndiyo mambo mawili aliyokuwa hayawezi. Na asipoyaweza, binti huyu naye amempoteza, akiwa hai.

Mchana ule alivuka njia, akaingia dukani kwangu akifuta mikono.

"Mama Vyombo. Joto dogo kabisa la kumtosha mzazi ni ngapi?"

"La maji? Hamsini na tano."

"Thelathini."

"Dada, boila yenyewe haijui thelathini. Inaanzia arobaini."

"Basi arobaini."

"Arobaini ni maji ya kufulia. Unataka kumponya mtoto wa watu au kumsuuza?"

"Arobaini na mbili, nitatandika magodoro mawili."

"Unanunua kabichi hapa? Hamsini."

"Hamsini nyingi. Wewe kila kitu unaanza juu."

"Na wewe kila kitu unaanza chini ya ardhi."

Niliuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hakukasirika. Alishika kifundo cha jiko nililokuwa nikilisugua, akakizungusha, akakirudisha.

"Arobaini na tano," akasema. "Na dirisha kiganja kimoja."

"Dirisha vidole viwili. Utampiga mzazi kwa upepo."

"Kiganja."

Mteja akifika mwisho, unajua. Anaacha kutazama mali, anaanza kutazama njia. Pil-lye alikuwa anatazama njia. Tukapatana: maji arobaini na tano, kiganja kimoja, na pazia zito katikati ya dirisha na mzazi. Nilikwenda kuiweka mwenyewe. Niliichagua njia ya maji makusudi. Ukiwa na dirisha wazi halafu ukaiambia boila itazame hewa, itafukuzana na baridi ya barabarani kutwa kucha.

Maji ya kwanza yalipopita, mabomba yakaanza kulia chini ya sakafu: tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Pil-lye alikuwa mlangoni. Alirudi nyuma hatua moja.

"Ni chuma kinapanuka," nikamwambia.

"Najua ni chuma." Akasikiliza. "Geum-ok alikuwa akigonga kijiko sakafuni akitaka chakula."

Akaenda uani. Nikamwona kupitia mlangoni akisimama karibu na mtungi wake. Kila mwanzo wa baridi alitengeneza figili za maji ya chumvi, mtungi mzima, na hakuna aliyewahi kumwona akizila. Masika alizimwaga.

Geum-ran alikuja na kichanga cha kiume. Bado hakikuwa na jina. Waliendelea kukiita Haragwe, jina walilokipa kikiwa tumboni. Pil-lye alichemsha mwani, alifua nepi, aliwahi sokoni na kurudi mapema. Lakini hakulala chumbani. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akiegemea mwimo, na kila mara aliinuka akaweka mgongo wa mkono chini ya pua ya mtoto. Kisha alinusa hewa, pembe moja baada ya nyingine.

"Mama, utamnusa huyu mtoto mpaka aishe," Geum-ran akamwambia nikiwepo.

"Akiisha utazaa mwingine."

Sote tulijua alikuwa anajaribu mzaha. Haukumkaa mdomoni.

Sakafu ya arobaini na tano, dirisha likiwa wazi katika baridi ya milima hii, haikumtosha mzazi. Geum-ran alivumilia. Alivaa soksi za mama yake. Asubuhi moja Pil-lye akiwa sokoni, yule binti alifanya kile ambacho mkaazi yeyote wa ghorofa angefanya: alikwenda kwenye kibao cha ukutani, akakitoa kwenye joto la maji, akakiweka kwenye joto la chumba, digrii ishirini na tano, kama kwake Seoul. Kule kuta ni nene, jirani wa chini anakupasha bure, na dirisha likifungwa limefungwa. Kibao kinafika namba, boila inapumzika. Hapa kibao kilikuwa kimepigiliwa karibu na dirisha lenyewe. Alilifunga, lakini mbao zake zilikuwa zimeshajikunja kwa miaka ya kuachwa wazi. Likafunguka tena lenyewe nyuma ya pazia, upana uleule wa kiganja, na yeye hakuona. Kisha akamhamishia mtoto upande wenye joto, mabomba yanapoingilia, kwa sababu ndio upande wa heshima, na hata aliyelelewa kwenye baridi analijua hilo. Akalala.

Mchana nilifuatana na Pil-lye, nimebeba furushi la mwani. Tulipokaribia, alisimama uani.

"Hakuna anayegonga," akasema.

Kweli. Boila ilikuwa ikinguruma mfululizo, ngurumo ya chombo kisichopumzishwa. Tulipofungua mlango joto lilitupiga uso kama mvuke wa sufuria. Geum-ran alikuwa amelala, nywele zimeganda kwa jasho, mdomo wazi. Mtoto alikuwa juu ya kigodoro chake, amefunikwa mpaka shingoni, mwekundu, kimya.

Pil-lye hakupiga kelele. Alimnyakua na kigodoro pamoja, na pale kigodoro kilipoinuka nikaona kapeti la plastiki limebadilika rangi. Doa la kahawia, ukubwa wa mto wa mtoto. Kapeti lilikuwa jipya; mimi ndiye niliyemuuzia. Lakini pembe ilikuwa ileile.

Alikuwa ameshatoka. Alipita kwenye theluji na soksi, mtoto mkono mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafungua kifuniko, akachota.

Mimi si mtu wa kuona mambo. Lakini pale uani nilimwona mwanamke kijana, Pil-lye wa siku zile, na majirani wakibishana, na nilikuwa najua kila neno linalofuata. Nilimshika kifundo cha mkono kabla bakuli halijafika mdomoni mwa mtoto.

"Dada. Anapumua. Mtazame."

"Amepata sumu ya makaa."

"Hapa hakuna makaa. Amepata joto, basi. Mfungue nguo."

"Mpe maji. Mpeni maji yangu, yangu ni makali." Hakuwa akiongea na mimi.

Nilimwaga bakuli. Nikafungua nguo ya mtoto kifuani, na baridi ilipomgusa, Haragwe akapiga chafya, akakunja uso, akalia kilio cha mtu aliyeonewa. Vipele vya joto vilikuwa vimemjaa shingoni. Geum-ran alitokea mlangoni akipepesuka.

"Mpe anyonye," nikamwambia. "Humo ndani, lakini mlango wazi."

Tulipotulia, ndipo kelele zilipoanza. Pil-lye alikwenda kwenye kibao, akabonyeza "Nimetoka". Ngurumo ikakata. Geum-ran, mtoto bado kifuani, alianza kuvuta mfuko wake kwa mguu.

"Nilijua," akasema. "Nampigia mume wangu aje."

"Nenda," Pil-lye akasema. "Nenda ukiwa naye hai."

"Mama, ni boila tu."

"Hata lile lilikuwa jiko tu."

Hapo nikaingilia, maana niliuza chombo na sikutaka chombo changu kisingiziwe. "Boila haikukosea. Iliambiwa ifikishe hewa ishirini na tano. Dirisha lile halifungiki, na kibao kinanusa theluji. Ingewaka mpaka masika. Ama fungeni dirisha, ama iambieni itazame maji."

"Dirisha lipigiliwe misumari," Geum-ran akasema.

Pil-lye alitazama dirisha kama mtu anayetazama mlango ambao mtoto wake bado hajarudi kupitia. Binti yake alimwona akitazama hivyo. Akaacha kuvuta mfuko.

"Sawa," akasema kwa sauti nyingine. "Liacheni."

"Basi maji," nikasema. "Tuanze hamsini na..."

"Nyamaza, wewe," Pil-lye akaniambia.

Alipiga magoti. Akakunja mkono wa koti, akaweka kiganja sakafuni, na ndipo nilipotambua sikuwahi kumwona akiigusa sakafu yake kwa mkono mtupu. Katika nyumba ile alitembea kwa soksi nene na kulala juu ya marundo ya magodoro. Nikabonyeza joto la maji, nikaanza chini. Mabomba yakaanza kugonga. Alifumba macho akangoja mpaka yanyamaze.

"Bado," akasema.

Nikapandisha. Tukakaa. Jua la mchana lilikuwa limeanza kuacha ukuta. Alihamisha kiganja: katikati ya chumba, karibu na mlango, akarudi katikati. Pembe ya doa aliifikisha mwisho, akaacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

"Bado kidogo."

Nikapandisha tena.

"Haya," akasema. "Hapo."

Kibao kilionyesha hamsini na mbili. Sikumwambia, na hakuuliza. Alitandika kigodoro katikati ya chumba, mbali na ule upande, akampokea mtoto, akamlaza. Kisha akalitazama pazia la dirisha, akalivuta vizuri, na nyuma ya pazia dirisha likabaki lilivyo. Geum-ran alirudisha mfuko kwenye kabati. Hakuna aliyeomba radhi. Pil-lye aliuliza kama mwani niliouleta ni wa mwaka huu au wa mwaka jana, na nikaapa ni wa mwaka huu.

Wiki tatu zikaisha. Wakaondoka kwenda Seoul, mtoto akiwa na jina lake kamili. Picha hazikuhitajika: Geum-ran aliahidi kurudi naye sikukuu, na safari hii walale.

Siku chache baada ya hapo nilikwenda kwa Pil-lye bila kuitwa. Nilitaka kuona kama amerudisha "Nimetoka". Kibao kilisema maji, arobaini na tano. Dirisha kiganja. Hewa ilikuwa baridi lakini sakafu ilishika miguu vizuri, na yeye alikuwa amevua koti. Alikuwa ametenga chapati na kibakuli cha mchuzi wa soya. Uani mtungi ulikuwa umejaa kama kawaida.

Nilitafuta pa kukaa. Upande wa joto, juu ya lile doa la kahawia, alikuwa ametandika kigodoro kidogo, kisafi, kimekunjuliwa upande mmoja kama kinachongoja mtu aingie. Sikukitilia maanani. Nilishuka kukaa pembeni mwa kigodoro, palipo na joto, kama mgeni anavyostahili.

"Sogea huku," Pil-lye akasema. "Hapo pana mtu."

Chini yetu mabomba yakagonga. Tik. Kimya. Tik. Aliacha kutafuna, vijiti vya kulia chakula vikiwa hewani, akasikiliza mpaka yalipomaliza. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa uso wa mama anayemsikia mtoto akicheza chumba cha pili.

Nina maneno ya kumwambia mteja yeyote anayelipia joto la kumpa mtu asiyekuwepo. Siku ile sikuyatoa.

"Kula," akaniambia. "Inapoa."

Nilikaa upande wa baridi, nikala.